Mkono wa Nzioki

Wayua alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, kando ya barabara kuu pale Ruiru, mfuko wa sukuma wiki katikati ya miguu yake, na alikuwa amekataa kuondoka. Maggie, mwanamke wa mahindi choma ambaye ndiye aliyempigia Kavindu simu, alimwelekeza kwa kidevu tu.

"Amekaa hapo tangu niwashe jiko," Maggie alisema. "Nimempa maji, hataki. Nikimwambia jua ni kali anasema anamngoja kijana wake ashuke. Ndio nikaomba simu yake nikatafuta jina lako."

"Ashuke wapi?"

Maggie aligeuza mahindi yake. Kavindu akatazama juu.

Bango lilikuwa jipya, turubai yake bado ina mikunjo ya kufungwa. Nzioki kakake alikuwa pale, mpana kama nyumba, anacheka. Uso wa rangi ya chungwa, kivuli cha buluu chini ya shavu, pengo la meno ya mbele, vitone vyeusi vimemwagika kutoka sikioni hadi shingoni. Ndivyo Mbaluka, mchumba wa Kavindu, alivyomchora kwenye ukuta wa gereji kule Ngoingwa, wiki ya matanga, na ndivyo nchi nzima ilivyokuja kumjua. Watu ambao hawakuwahi kumsikia Nzioki akikohoa walikuwa wanamvaa kifuani kwenye fulana. Lakini ule mchoro wa ukutani uliishia mabegani. Huu wa barabarani ulikuwa umeongezwa mkono, na mkono ulikuwa umeshika simu, na kwenye kioo cha simu kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa: WEKA BETI, CHEKA.

Kavindu alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mwaitu, twende nyumbani."

"Mbona wamempa simu?" Wayua aliuliza. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Simu si ndiyo ilimmaliza?"

"Hiyo ni picha, mama."

"Najua ni picha. Mimi sio mjinga. Nauliza mbona wamempa simu."

Nzioki alikuwa fundi wa magari, kijana wa mzaha, mtu wa kucheka mpaka ashike ukuta. Alianza kubeti kama mchezo, kama vijana wote wa gereji. Halafu vifaa vyake vikaanza kupotea kimoja kimoja, halafu ikapotea cherehani ya Kavindu ambayo alishonea sare za shule, halafu pesa za kwaya alizopewa azitunze. Akawa hacheki tena, akawa anatazama simu tu, hata mezani, hata kanisani. Walimpata amekufa kwenye mashamba ya kahawa nyuma ya Ruiru, Jumatatu moja, baada ya mechi ya Jumapili. Simu ilikuwa mfukoni, bado inapokea ujumbe wa kumkaribisha tena.

Kavindu alitazama bango mara ya pili, safari hii akautazama ule mkono. Na hapo ndipo alipoona kidole gumba. Ukucha wake ulikuwa umepasuka katikati, nusu imepanda juu ya nusu, vile ulivyokuwa tangu Nzioki abanwe na jeki akiwa bado mwanagenzi. Hakuna picha ya simu iliyowahi kuonyesha kidole kile. Nzioki alikionea aibu, alikificha kila mara alipopigwa picha. Wa kukijua vile walikuwa watu wa nyumbani, na rafiki yake mmoja tu.

Baba yao, mzee Kyengo, alifika na gari la jirani. Alishuka pole pole, akatazama juu, akavua kofia. Alisimama hivyo kofia mkononi mpaka dereva akaona haya na kuzima redio.

"Ulijua?" alimuuliza Kavindu.

"Hapana, baba."

"Na yeye?"

"Naenda kumuuliza."

"Muulize vizuri," Kyengo alisema. "Mimi nilisema mapema, mtu wa kuchora kuta atalisha mtoto wangu nini. Mkanishinda, wewe na mama yako. Nikakubali mbuzi wake wa ntheo, mmoja tukamla na wazee, nikamwita mwanangu. Sasa nenda umuulize. Jumamosi nitawaita wazee wale wale, na ukoo wake nitauita."

Kwa Wakamba mbuzi wa ntheo ndio wanaomfanya msichana awe mke wa mtu, hata kabla ya kanisa. Na wakirudishwa, basi. Hakuna cheti wala wakili anayehitajika hapo. Kavindu alijua baba yake hakuwa anatisha.

Walimwinua Wayua, huku na huku, wakamwingiza garini. Aliacha sukuma wiki pale mtaroni.

* * *

Karakana ya Mbaluka ilikuwa Mwihoko, chini ya nyumba za kupanga, katikati ya duka la vibanzi na kinyozi. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitambaa kikubwa kilichofunika sakafu nzima mpaka ukutani, pazia la jukwaa, kazi ya lile tamasha alilokuwa akilizungumzia kila siku: mwanamuziki mkubwa kutoka Nigeria, ziara ya miji ya Afrika, na nyuma yake kila usiku, kutoka Nairobi mpaka Johannesburg, michoro ya kijana wa Thika.

Aliinua kichwa akamwona.

"Kavi. Umekuja saa nzuri. Hebu simama hapo mlangoni uniambie, hii pinki inapiga kelele ama inaimba? Wao wanasema nipunguze. Mimi nasema wakae."

Hicho ndicho kitu alichompendea. Wanaume wengine walizungumzia magari na mpira, Mbaluka alizungumzia rangi kama watu wa mtaani kwake, huyu mkali, huyu mwongo, huyu hawezi kukaa karibu na yule. Nyuma ya sikio alikuwa na alama ya rangi. Kila alipokuja Kavindu aliifuta kwa kidole gumba na mate, naye analalamika kama mtoto anayeoshwa uso. Sasa mkono wake uliinuka wenyewe. Akauzuia, akautia mfukoni.

"Nimetoka Ruiru," alisema.

Mbaluka aliweka brashi chini.

"Wamepandisha tayari? Waliniambia ni wiki ijayo."

Maneno yalikuwa yamekwishatoka. Wote wawili waliyasikia yakikaa pale kati yao. Duka la jirani lilikuwa linakaanga, mafuta yanalia.

"Kwa hivyo unajua," Kavindu alisema.

"Nilitaka kuwaambia kwanza. Walahi, nilikuwa nakuja Jumapili hii."

"Kumwambia nani?"

"Wewe. Mama."

"Kila mara ulikuwa unakuja kwa mama. Ile ya kipindi cha muziki kwa televisheni ulikuja na majani chai na sukari, ukakaa kwa kile kiti kifupi, magoti yamekufika masikioni. Ukamwambia, mama, wanataka Nzioki awe nyuma ya waimbaji, nimpeleke? Akasema mpeleke, alipenda muziki. Ya juisi ukaja. Ya fulana za ile bendi ukaja, hata akakuambia Nzioki angependa ya bluu. Hii mbona hukuja?"

Mbaluka alijisugua mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa imekauka.

"Kwa sababu angesema hapana."

Kavindu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia na kuelekezwa. Alijiegemeza kwenye fremu ya mlango. Kuna wakati alitamani Mbaluka amdanganye. Angesema, Kavi, wameniibia, wamechukua bila kuniuliza, na yeye angelia, angemshika, wangekasirika pamoja. Alikuja njia nzima akitengeneza nafasi ya uongo huo moyoni mwake. Lakini Mbaluka hakuwa na kipaji cha kudanganya.

"Nani alichora mkono?"

Mbaluka alianza kufunika kopo la rangi.

"Mbaa. Nimekuuliza."

"Mimi."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa. Hapo umesimama ndio nilikuwa nimeweka ubao." Alisimama, magoti yakalia. "Kavi, sikiliza kwanza. Watu wa beti walitaka mkono wa kushika simu. Uday akaniletea ule walioutoa kwa kompyuta, mkono laini, wa mtu wa ofisi, umepakwa chungwa ndio ufanane. Nikaangalia huo mkono kwa Nzioki nikashindwa. Ilikuwa kama wamemkata. Nikasema kama ni lazima aende, aende mzima. Sikutaka wamwekee mkono wa mtu asiyemjua. Nikakaa nao kutwa nzima. Uliona kidole? Nilipata ule ukucha vile ulikuwa, ile nusu imepanda, hata kile kivuli cha—"

Alisikia alichokuwa anasema.

"Niliuona," Kavindu alisema. "Mama pia ameuona. Ndio maana alikuwa amekaa kwa mtaro."

"Amekaa kwa mtaro?"

"Anamngoja ashuke."

Mbaluka alikaa juu ya ndoo ya rangi. Alikuwa amekuwa mtoto wa nyumba ile tangu utotoni, mama yake alipokufa. Wayua ndiye aliyemnyoa kichwa siku ya mazishi, ndiye aliyemtuma dukani pamoja na Nzioki na kuwachapa pamoja. Alifunika uso, na Kavindu akaona mabega yake yanacheza. Karibu amwendee. Hatua hazikuwa nyingi, na mwili wake ulijua njia.

"Mpigie Uday," alisema badala yake. "Weka sauti nje."

"Kavi."

"Mpigie tu."

Uday Chunilal alipokea upesi. Alikuwa mtoto wa Thika kama wao, familia yake ikiwa na viwanda tangu zamani, Kiswahili chake ni cha gereji na soko. Ndiye aliyeona ule ukuta wa Ngoingwa mara ya kwanza na kupeleka uso wa Nzioki kwenye pakiti za juisi za mjomba wake. Kutoka hapo akawa ndiye wakala wa Mbaluka, wa kumtafutia kazi na kumsainisha.

"Mbaluka, boss. Umeona? Imetoka fiti sana, watu wanapiga picha mpaka askari wa barabara."

"Uday, niko na Kavindu hapa. Anakusikia."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine, halafu mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Dada Kavindu. Habari ya nyumbani?"

"Sio nzuri, Uday. Ulijua Nzioki alikufa kwa nini?"

"Nilijua," Uday alisema. Alikohoa kidogo. "Ndio nikamuuliza jamaa yako kwanza. Mimi ni mtu wa biashara lakini niko na mama pia. Nilimwambia, bana, chagua uso mwingine, una nyuso nyingi, huyu muuza ndizi, huyu kondakta, mimi nitaenda nipigane na mteja, hawa wa beti. Mteja akasema sawa, tunaweza chukua kondakta, lakini basi lile tamasha atapewa msanii mwingine, kwa sababu wao ndio wanalipia tamasha na wanataka mwenye anajulikana. Mwenye anacheka. Nikamrudishia Mbaluka hayo maneno vile yalivyo. Akasema acha iende. Ama nadanganya, Mbaluka?"

Mbaluka alitazama simu mkononi.

"Hudanganyi."

Kavindu alihisi kitu kinazimika polepole ndani yake, kama jiko la makaa ambalo mtu amesahau. Alidhani amefika chini kabisa, kumbe kulikuwa na ngazi nyingine.

"Na ikitolewa leo?" aliuliza. Sauti yake ilishangaza hata yeye, ilikuwa tulivu. "Mabango, kwa simu, kila mahali."

"Dada, sitakuficha. Ikitolewa, yote inaenda na maji. Tamasha imeenda. Televisheni pia, kwa sababu ni hawa hawa wanalipia kile kipindi. Juisi, mjomba hatataka kelele. Na watamshtaki, hao hawachezi. Lakini inatoleka. Yeye akisema toa, nitatoa, nitasimama na yeye nife na yeye. Ni yeye aseme." Mashine zililia kwa mbali. "Mbaluka? Niambie sasa. Nitoe?"

Kavindu hakumsukuma, hakumsihi. Alimtazama tu, macho ndani ya macho, kwa yote aliyokuwa nayo, kwa zile jioni za Jumapili walizotembea mpaka mtoni, kwa usiku wa matanga alipochora ukuta huku analia na yeye amemshikia taa. Alimtazama kama mtu anavyomtazama aliye ukingoni. Na Mbaluka alimtazama pia, na machozi yalikuwa yanamtoka, na kwa muda kidogo ilionekana atasema.

Halafu macho yake yakashuka kwenye pazia pale sakafuni, kwenye ile pinki.

"Nitakupigia, Uday," alisema, akakata.

Kinyozi wa jirani alikuwa anacheka na mteja. Mtu alipita mlangoni na magunia akauliza kama kuna wenyewe, akaona nyuso zao, akapita.

"Ni tamasha moja tu," Mbaluka alisema. "Likiisha nitasema itolewe yote. Kavi, hujui hii kitu. Watu wanachora maisha yao yote kwa milango ya kiosk na hakuna anayeuliza nani alichora. Hii haiji mara mbili. Itatujengea. Itamjengea hata mama. Na Nzioki..." Alimeza mate. "Nzioki ameshakufa. Hawezi kufa zaidi. Sisi ndio tuko."

"Kumbe ndio unavyoona."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Na mimi nimesikia."

Alimkaribia. Mbaluka alifunga macho, labda alidhani atapigwa, na labda angefurahi. Kavindu alilamba kidole gumba, akafuta ile rangi nyuma ya sikio lake, taratibu, mpaka ngozi ikaonekana. Alijifuta kidole kwenye rinda. Alibaki amesimama karibu sana, akisikia pumzi yake, na harufu yake, rangi na sabuni ya kipande, ikamjaa puani. Angeweza kuishi katika harufu ile mpaka uzee.

"Jumamosi wazee wanakuja nyumbani," alimwambia. "Baba anataka kurudisha mbuzi. Wataniuliza mimi, na mimi bado sijui nitasema nini. Ndio nakuambia ukweli. Njoo na jibu lako, nami nitatoa langu."

* * *

Jumamosi viti vilipangwa uani Ngoingwa, chini ya kamba za nguo. Wazee wa Kyengo upande wa jikoni, upande wa lango Mbaluka na baba yake mdogo, Ndambuki, aliyekuja na pikapu yake ya kubebea maziwa na uso uliokunjwa tangu njiani. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya tangi. Wa tatu alikuwa mgeni, Kyengo alimnunua Ijumaa afidie yule aliyeliwa, maana haifai kurudisha nusu.

Wayua aliketi kwenye kile kiti kifupi, karibu na mlango wa jikoni. Hakuwa amezungumza sana wiki ile.

Chai ilinywewa. Kyengo alieleza kwa ufupi, bila kupandisha sauti. Alipomaliza, Ndambuki aliomba mtoto wao asikizwe kabla msichana hajaulizwa, na wazee wakaona ni haki.

Mbaluka alisimama. Alikuwa amekonda, shati jeupe limepigwa pasi vizuri. Kavindu alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, na moyo wake ulianza kumkimbilia yule mwanaume kabla hajafungua mdomo. Wiki nzima alikuwa amepanga maneno. Kama Mbaluka amemwambia Uday atoe, yeye angesema mbuzi wakae. Angekula ugali mtupu na yeye, angeshona sare usiku na mchana, wangelipa kesi mpaka wazeeke. Alikuwa tayari kabisa. Alikuwa amevaa hata lile rinda la maua alilolipenda Mbaluka.

"Wazee wangu," Mbaluka alisema. "Mama. Nimekosa, na sina la kujitetea. Lakini nimefanya kitu. Nimekaa na hao watu siku tatu, nimepiga magoti. Wamekubali kulitoa lile bango la Ruiru. Limeshuka jana. Na la Thika halitawekwa, wala Githurai, wala hii barabara yote mpaka Nairobi. Nimehakikisha." Alimgeukia Wayua, na uso wake ulikuwa na matumaini ya kweli, ndiyo maana ulikuwa mgumu kuutazama. "Wamelipeleka Kisumu, mama. Na Eldoret. Hutaliona tena."

Wazee walitazamana. Mmoja alianza kutikisa kichwa kwa kukubali, kwamba kijana amejaribu, halafu akaacha.

Wayua alikuwa ameinua uso.

"Umempeleka Kisumu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hana mtu huko."

Mbuzi mmoja alivuta kamba, tangi likalia. Mbaluka alibaki amesimama na mikono yake imeninginia, na polepole matumaini yalimtoka usoni, ila Kavindu aliona bado hajaelewa. Alikuwa anatafuta amekosea wapi. Angetafuta miaka mingi.

Kyengo alimgeukia binti yake. Kwa mila lazima asimame mbele yao, lazima aseme kwa mdomo wake, na lazima aulizwe tena na tena mpaka wazee waridhike kwamba hajasukumwa.

"Kavindu, binti yangu. Mbuzi hawa wakae hapa, ama warudi kwao?"

Alitoka nyuma ya kiti. Alimtazama Mbaluka, na Mbaluka akamtazama yeye, na wote waliokuwa uani wakatazama chini, kwa sababu yale hayakuwa macho ya watu waliochokana.

"Warudi," alisema.

"Nakuuliza tena."

"Warudi, baba."

"Mara ya mwisho. Hakuna aliyekutisha?"

"Hakuna. Nampenda, na warudi."

Wayua alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na sindano.

Ndambuki alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimpa Kyengo mkono kwa heshima, akamwomba radhi kwa niaba ya ukoo, akatoka. Mbaluka alipoanza kufungua kamba za mbuzi na kuwavuta kuelekea pikapu, baba yake mdogo alikuwa ameshakalia usukani.

"Sibebi," Ndambuki alisema kupitia dirishani. "Niliwaleta hapa nikiimba, watu wakaniona. Leo watembeze wewe, wakuone wewe."

Aliwasha gari akaondoka.

Mbaluka alisimama barabarani na kamba tatu mkononi. Kavindu alikuwa amefuata mpaka langoni, hakujua kwa nini. Yule mbuzi mgeni alikuwa mkaidi, amejifunga kwenye miguu ya mwenzake, na bila kufikiri Kavindu aliinama akamfungua, akamkabidhi ile kamba. Vidole vyao vilikutana juu ya katani. Mbaluka alivishika, hakuvibana.

"Nikimaliza tamasha," alisema kwa sauti ya chini, "nikiwaambia watoe kila mahali, naweza kuja?"

"Nenda, Mbaa."

"Niambie tu kama naweza kuja."

"Nenda kabla jua halijawa kali. Hao hawajanywa maji."

Akaenda. Alitembea kando ya lami, mbuzi wakivuta huku na huku, shati jeupe mgongoni limeanza kulowa. Kavindu alimshika kwa macho yake. Kila hatua alijiambia akigeuka nitamkimbilia, akigeuka mara moja tu, nitaenda bila viatu, na baba aseme anachotaka. Mkono wake ulikuwa juu ya lango, nusu limefunguliwa.

Karibu na kona, wasichana wawili wa chuo walikuwa wanakuja. Walimpita, wakasimama, wakanong'ona, wakarudi mbio.

"Si wewe ndio Mbaluka? Yule wa Cheka?" mmoja alisema, sauti ikafika mpaka langoni. "Mungu wangu, na mbuzi. Ni ya tangazo? Mnashuti video?"

Hakusikika alichojibu.

"Tafadhali, picha moja tu. Moja."

Walijipanga, mmoja huku na mmoja huku, simu ikanyooshwa juu. Mbaluka alizikusanya kamba zote kwenye mkono mmoja, akawavuta mbuzi wakae vizuri ndani ya picha. Akainamisha kichwa kidogo upande wa mwanga. Akatabasamu, meno yote, vizuri kabisa.

Kavindu alifunga lango. Alisukuma komeo mpaka likaingia, akarudi ndani kuosha vikombe vya wazee.